Nani Kavinoa Viatu vya Taras

Kiatu cha kushoto cha Lorne kilikuwa juu ya mashine, chuma kinagusa gurudumu na cheche zinaruka, ndipo mwenyewe alipoingia akikung'uta theluji kwenye kofia.

"Polepole, shemeji," alisema. "Hivyo nitavaa mimi, si vya kuchinjia nguruwe."

"Vimekuwa butu kama kijiko," nilisema. "Unachezea hoki, au unapondea viazi?"

"Msimu huu nimefunga magoli."

"Mawili. Moja kwenye lango letu."

"Goli ni goli."

Nilizima mashine, nikapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye makali. Yakikwangua unga mweupe wa ukucha, kiatu kiko tayari. Kisha nikalaza sarafu ya dola juu ya chuma. Chuma cha kiatu cha barafu kina mfereji katikati na makali mawili pembeni. Yakilingana, sarafu hulala sawa. Hii ililala sawa. Nikakiweka kiatu rafuni na kuchukua cha kulia.

Kama gazeti la wiki iliyopita, lenye safu yangu hii, liliishia kuwashia jiko, nikukumbushe. Mimi ni Orest Hrynkiw, mnoa viatu vya barafu katika uwanja wa Radymno, mji mdogo kwenye nyanda za ngano za Saskatchewan. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Niliharibu viatu vyangu mwenyewe mpaka nikaacha kuviharibu.

Timu yetu ya wazee, Korongo, inasafiri kwenda magharibi. Tutazame mechi ya ligi kuu Edmonton, tucheze na wazee wenzetu wa Jasper, tuteremke katikati ya milima hadi Calgary kwa mechi nyingine, kisha nyumbani. Mipango walinikabidhi mimi kwa sababu, walisema, sina papara.

Tangu hapo hakuna kilichonyooka. Kampuni ya basi ilifunga milango. Metro, kipa wetu, aliteleza kwenye ngazi za kanisa akavunjika nyonga. Hoteli ya Jasper ilipasuka mabomba kwa baridi. Basi nimepata jingine, kipa tumeazima, hoteli wametuhamishia kwa jirani yao. Wasomaji kadhaa mmesema huu ni mkosi, tuiache safari.

Sikuwajibu, kwa sababu kuna jambo nililowaficha. Leo nalisema, kwa kuwa mke wangu hasomi safu hii.

"Umeshamwambia dada yangu?" Lorne aliuliza.

Lorne Pidskalny ni nahodha wetu, na ni kaka wa mke wangu Stefka. Alikuwa ameacha kucheka.

"Bado."

"Basi linaondoka Jumatatu, Orest."

"Najua."

"Unangoja nini? Asikie kwa mwenye duka?"

Nikawasha mashine.

Jambo lenyewe ni hili. Mimi na Stefka tulijaliwa mtoto mmoja, Taras. Alikuwa beki wa timu ya vijana hapa, jezi namba nne, kisha akaenda Jasper kufanya kazi ya kutunza barafu ya uwanja wao. Miaka sita iliyopita, mwezi Machi, aliendesha gari peke yake hadi Ziwa la Nungunungu, kando ya barabara ya milimani, akateleze juu ya barafu ya asili. Mlima ukaporomosha theluji.

Gari lilikutwa kando ya barabara. Chupa ya kahawa ilikuwa kwenye kiti. Yeye hakuonekana, wala viatu vyake, wala gongo lake la hoki. Walitafuta mpaka majira ya kiangazi.

Stefka hakukubali. Hakusema mengi, hakupiga kelele. Alikataa tu ibada ya kumwombea marehemu, kwa kuwa hapakuwa na marehemu. Mkesha wa Krismasi kwetu huwekwa sahani moja mezani kwa ajili ya waliokufa katika ukoo. Stefka huweka mbili. Moja ya wafu. Nyingine, upande wa pili wa meza, karibu na mlango, ya Taras.

Nimekula nikitazamana na sahani hiyo kila Krismasi. Simlaumu. Lakini usiku huwa namsikia Stefka akisimama dirishani, na kila gari likipunguza mwendo barabarani, anashika pazia.

Ndiyo maana, walipoleta wazo la safari, nikaipitisha njia yetu palepale ziwani. Padri Myron atasafiri nasi. Tutasimama ufukweni, atasoma sala, na mwanangu atalala. Padri alikubali kwa sharti moja: mama yake awepo, na akubali kwa kinywa chake. Bila hivyo hafungui kitabu.

Nami nilimwambiaje Stefka? Nilimwambia basi litapita njia ya kusini, litafika Calgary na kurudi kulekule. Nilisema halitakaribia ziwa. Nilisema hivyo nikiwa nakoroga chai, bila kumtazama.

"Na kuna hili lingine," Lorne alisema mashine iliponyamaza. "Vijana wamekubaliana."

Vijana aliowasema wana mvi wote.

"Tunataka kuchukua viatu vyake. Vile vya pale ndani. Tuviache ziwani, padri akimaliza."

"Ni vyako kuvitoa?"

"Ni vya mpwa wangu, shemeji. Nilimbeba kwenye mabega haya kabla wewe hujajua kumfunga nepi."

"Hilo la nepi ni kweli," nilisema.

"Kwa hiyo?"

"Acha nivipanguse kwanza. Halafu nitakwambia."

Akanipiga begani, akaenda zake. Akipita chumba cha kubadilishia nguo nilisikia mlio ule: tok. Alikuwa amegonga nafasi ya Taras kwa gongo lake.

Kila mchezaji wa Radymno hufanya hivyo akitoka. Nafasi ya Taras iko mlangoni: benchi fupi la mbao, ndoano mbili, jezi, na viatu vyake vya zamani vinavyoning'inia kwa kamba. Krismasi ile ya mwisho tulimnunulia vipya, akaenda navyo. Hivi vya zamani akaviacha palepale alipovivulia. Hakuna anayekaa hapo, hata chumba kijae vipi. Wageni wakikaa, huondolewa kwa upole.

Mimi peke yangu ndiye huvishusha, mara moja kila msimu, nipake mafuta chuma kisile kutu. Msimu uliopita nilipovipaka vilikuwa butu. Sikuvinoa. Ningemnolea nani?

Nikachukua kitambaa na kopo la mafuta, nikaenda.

Kamba zilikuwa mbichi.

Nilidhani paa linavuja. Nikatazama juu. Paa lilikuwa kavu.

Nikashusha kiatu cha kushoto, nikakigeuza kwenye mwanga. Chuma kilikuwa kinang'aa. Hakuna kutu, hakuna vumbi. Nikapitisha ukucha wa kidole gumba, taratibu kama nilivyozoea, na makali yakauchukua ukucha kama randa inavyochukua mbao. Unga mweupe ukadondoka kwenye goti langu.

Kile cha kulia, vivyo hivyo.

Nikatoa sarafu mfukoni. Nilipoilaza juu ya chuma, iliinama upande. Makali ya nje yalikuwa chini, ya ndani juu.

Hapo nikakaa. Nilikaa kwenye benchi la Taras, mimi ambaye nimewaondoa wengine hapo.

Niwaeleze kwa nini. Makali kuinama ni kosa la mnoaji asiyejua kazi. Mteja akikurudishia kiatu ambacho sarafu inainama juu yake, unarudisha pesa yake na unaona haya wiki nzima. Lakini Taras alikuwa na kifundo kibovu cha mguu, na huko Jasper alimpata mzee mmoja aliyemnolea hivyo kwa makusudi, ndani juu kidogo, nje chini, akasema anasimama vizuri zaidi. Krismasi ile alinibembeleza.

"Baba, ninolee hivi mara moja tu."

"Mimi sinoi viatu vya upande."

"Ni kidogo tu, baba. Unywele."

"Ukitaka vya upande, mpelekee huyo mzee wako."

Akacheka, akaacha. Hatukugombana. Sijui unywele wenyewe ulikuwa kiasi gani. Sikutaka kutazama.

Na sasa mtu alikuwa amevinoa hivyo, na vilikuwa juu ya goti langu.

Nikarudi kwenye chumba cha mashine. Ufunguo wake ninao mimi, mmoja tu. Jiwe langu la kunolea lilikuwa kama nilivyoliacha. Ninalijua kama mtu anavyojua meno yake. Halikuwa limeguswa kwa mfereji mwingine wowote. Na kutoka hapa hadi mashine nyingine ya kunolea ni mwendo wa gari kupita mashamba matupu.

Nikamtafuta Mavis Olynyk. Mavis ndiye mtunza uwanja: anapika supu kantini, anaendesha mashine ya kumwagia barafu maji, na anafukuza vijana wanaovuta sigara chooni.

"Mavis, nani anateleza hapa wakati hakuna watu?"

Aliacha kukata vitunguu.

"Si wewe?"

"Mimi?"

"Nilidhani ni wewe, Orest. Kusema kweli nilikuwa nakuonea huruma, ndiyo maana sikuja kuchungulia." Akafuta macho kwa mkono wa sweta, vitunguu, au si vitunguu. "Tangu Novemba. Asubuhi, au mchana nikiwa huku jikoni. Nasikia chuma kinakwangua. Krrr, kimya, krrr. Nikimaliza ninachofanya nikatoka, hakuna mtu. Mistari tu kwenye barafu."

"Taa je?"

"Zimezimwa. Anateleza gizani, mwanga wa madirisha tu. Nikasema, mtu mzima ana haki ya kulia anakotaka."

"Mara ya mwisho lini?"

"Leo asubuhi. Jana jioni nimemwaga maji, barafu ikawa kama kioo. Leo nakuja, nasikia krrr. Nenda katazame, sijaigusa."

Nikatoka uwanjani. Sikuwasha taa.

Barafu mpya inaandika kila kitu. Mtu mmoja alikuwa amezunguka, taratibu, mizunguko mipana. Kwenye kila kona alikuwa amesimama. Mtelezaji akisimama, huacha alama mbili pana nyeupe, miguu miwili sambamba. Nilipiga magoti nikatazama ya kwanza. Nikaenda ya pili, nikaenda ya tatu.

Zote zilikuwa alama moja moja. Mguu wa kushoto peke yake.

Taras alisimama hivyo. Makocha walimkemea tangu akiwa mdogo, hakuacha. Mji mzima uliweza kumtambua kutoka jukwaa la juu bila kusoma namba.

"Umeona nini?" Mavis aliniuliza kutoka mlangoni.

"Mistari."

"Orest, umekuwa mweupe kama hiyo barafu."

"Niache kidogo, Mavis."

"Nikuletee supu?"

"Hapana. Asante."

"Nitakuletea," alisema, akaondoka.

Nilibaki nimepiga magoti mpaka maji yakaingia kwenye suruali. Niliita jina lake. Si kwa nguvu. Kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili. Uwanja mtupu una mwangwi. Ulinirudishia jina, basi.

Jua lilikuwa halijatua nilipofika nyumbani. Stefka alikuwa mezani na unga hadi kwenye viwiko, anatengeneza perohi, vile vifuko vya unga vinavyojazwa viazi na jibini kisha vinachemshwa. Jumamosi kuna chakula cha kuchangia safari ukumbini, na hakuna anayefinya kingo kama yeye. Trei zilijaa hadi juu ya friji.

"Umechelewa," alisema.

"Kazi."

"Ya Lorne umemaliza?"

"Ya Lorne nimemaliza. Wengine bado."

"Atasema vinabana."

"Atasema vinabana," nilikubali.

Nikaketi. Nilitaka kusema. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, moja moja, kama ninavyopanga viatu. Nianze na lipi? Njia ya basi? Padri? Au nimwambie mama kwamba mwanawe anateleza gizani?

Aligeuka kuchukua trei nyingine. Akageukia jiko, akasimama. Akarudi mezani, akasimama. Kila akisimama, uzito wote uliangukia mguu wa kushoto. Goti lake la kulia liliumia akiwa msichana, alipoanguka kutoka lori la ngano. Nimeishi na hatua hiyo miaka yote na nilikuwa nimeacha kuiona.

Ndipo nilipokumbuka ni nani aliyemfundisha Taras kuteleza. Si mimi. Mimi nilikuwa nanoa. Ni mama yake, Taras akiwa mtoto hajafika kiunoni, ameshika kidole chake, anaiga kila anachofanya. Anaiga na namna ya kusimama.

Nikatazama miguu ya Stefka. Alikuwa amevaa soksi nene, na nyuma ya kisigino, juu ya soksi, kulikuwa na doa la damu.

"Visigino vimekuchubuka," nilisema.

Vidole vyake vikasimama kwenye unga.

"Mavis kakwambia?"

"Mavis anadhani ni mimi."

"Masikini Mavis." Akafinya ukingo wa kifuko, akafinya kingine. "Napita mlango wa mashine ya barafu. Nimekuwa mwizi, Orest, kwa umri huu."

"Tangu Novemba."

"Nilisikia Lorne anataka nafasi ile isafishwe. Nikaenda kuvichukua viatu, nivifiche. Nikakaa. Nikavaa soksi tatu, nikavijaribu, basi, kuona tu miguu yake ilikuwa imefika wapi. Nikasimama. Halafu nikajikuta nazunguka."

Alicheka kidogo, peke yake.

"Siku ya kwanza nilianguka kama gunia. Vilikuwa butu. Nililala pale nikitazama paa. Nikasema, wakinikuta hapa watamwita padri."

Nilipofikiri hofu yangu imekwisha, nilijisikia mwepesi, na nikaona haya kwa wepesi huo. Ni mke wangu. Ni Stefka tu, na soksi tatu.

"Stefka, kuhusu basi," nilisema.

"Linapita ziwani. Najua."

"Umejuaje?"

"Mwanamke alipiga simu kutoka Jasper akauliza kama wazee wenu wanakula nyama ya nyati. Nikamwambia wanakula hata meza." Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Mtu anayepita njia ya kusini anakulaje nyati Jasper?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Nikangoja. Nikakasirika, nikafua mapazia yote, ulidhani nasafisha nyumba. Halafu nikaona kwamba umeshasema. Kwa njia yako."

"Njia ipi?"

"Usijifanye, Orest."

"Njia ipi, Stefka?"

"Viatu!"

Alifuta mikono kwenye aproni, akaketi mbele yangu.

"Nilipoanguka, wiki iliyofuata nilirudi, nikakuta vimenolewa. Nikavivaa, nikahisi mguu unakaa mahali pake. Nikatoa sarafu, kama ninavyokuona ukifanya. Ikainama. Ule upande wake, ule uliomkatalia. Nililia pale kwenye benchi. Nikasema, Orest kajua. Haulizi, hasemi, lakini amekaa peke yake kwenye kile chumba chake amemnolea mtoto alivyoomba. Tangu hapo kila vikipoteza makali, nikirudi nakuta vimenolewa."

Nikafuta unga mezani kwa kiganja.

"Nikasema, kama Orest ameweza hilo, na mimi nitaweza langu." Sauti yake ilitulia kabisa. "Nitapanda hilo basi. Nitavaa viatu vyake, nizunguke ziwa mara moja, kisha Padri Myron afungue kitabu. Krismasi ijayo nitaweka sahani moja. Nimechoka kushika pazia."

Hayo ndiyo maneno niliyoyatamani miaka sita. Yalikuwa mezani, kati ya unga na viazi.

"Ni wewe, sivyo?" aliuliza.

Nikafikiri, kwa kadiri mtu anavyoweza kufikiri mke wake akimtazama. Lorne hawezi kunoa hata penseli. Mavis hana ufunguo. Mashine yangu haikuguswa. Nikisema si mimi, Stefka atasimama, atarudi dirishani, na hataondoka hapo mpaka afe. Anayenoa viatu vyake hajafa. Ndivyo atakavyosema, nami sitakuwa na la kumjibu.

Nikisema ni mimi, mwanangu atalala.

"Ni mimi," nilisema.

Akafumba macho. Akanishika mkono kwa vidole vyake vya unga, akaubana kwa nguvu kama siku tuliyooana. Kisha akacheka, akapenga kamasi kwenye aproni.

"Basi nina kazi nyingine kwako. Jana nilikanyaga saruji pale mlangoni nikitoka. Nilisikia ikilia. Kile cha kushoto kimekufa kabisa, hakikati hata siagi. Leo ningekwenda kuvileta mezani kwako mwenyewe, yaishe haya ya kujificha, lakini sijatoka nyumbani. Tangu alfajiri niko na huu unga."

Nilitazama trei. Mezani, juu ya friji, kwenye viti, dirishani. Ilikuwa kazi ya siku nzima. Hakuna mtu angeweza kufinya vyote hivyo na bado akawa na asubuhi ya kuteleza.

Barafu ilimwagiwa maji jana jioni. Alama nilizozipigia magoti zilikuwa za leo. Na kiatu cha kushoto, kile kilichokufa jana kwenye saruji, ndicho kilichouchukua ukucha wangu mchana huu kama randa.

"Orest? Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Nimesema kesho unoe nikiwepo. Nitakuja nikae kwenye kigoda, nikuangalie unavyofanya ule upande. Sijawahi kuona."

Alikuwa na uso ambao sikuuona tangu Machi ile. Uso wa mtu aliyetua mzigo. Nilikuwa nimemdanganya juu ya kitu pekee alichokuwa akikingoja, na alikuwa ananishukuru.

Niliona bado ningeweza kusema. Mdomo wangu ulikuwa wazi.

"Vya wenzako vimebaki vingi?" aliuliza.

"Nusu ya rafu."

"Basi vyake uvianze kabla ya hivyo." Akasimama kwa mguu wa kushoto, akafunika unga uliobaki kwa kitambaa kibichi. "Na haya mengine nitayamalizia nikirudi. Unafungua saa ngapi?"

"Saa mbili," nilisema.

"Saa mbili nitakuwa mlangoni."

Akaenda kunawa mikono. Akipita dirishani alivuta pazia likafunga, bila kutazama nje.

Mimi nilitazama.